Lori la Sugow, Jina la Jagjit

Siku ya tano baada ya Idi, Falis alitandaza karatasi zote za lori juu ya meza ya kulia, akazipanga mafungu mafungu kama anayegawa karata, akagundua kwamba moja haipo.

Ilikuwa tarehe sita Oktoba. Stika ya kodi ya barabara ilikuwa inaisha tarehe thelathini na moja. Mtu mwingine angesema bado mapema, na Sugow mumewe ndivyo alivyosema, huku akitafuta kiatu kimoja chini ya kochi. Lakini Falis hakuwa mtu wa dakika ya mwisho. Huko Garissa alimwona baba yake akipiga foleni ya kitambulisho siku nne, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya kipande kimoja cha karatasi. Tangu hapo kila jambo la serikali alilianza mwezi mzima kabla, na watu wakimcheka aliwaacha wacheke.

Mwaka huu alikuwa na sababu nyingine. Alikuwa amemaliza wiki kumi za mafunzo ya kompyuta katika maktaba ya Sparkbrook, mtaa wao huku Uingereza, na mwalimu aliwaonyesha kwamba kodi ya gari siku hizi hulipwa mtandaoni. Unaandika namba, kompyuta yenyewe inatazama kama bima ipo na kama gari limekaguliwa, unalipa, na stika inaletwa nyumbani kwa posta. Hakuna foleni, hakuna mtu wa kukutazama juu hadi chini kwenye dirisha. Falis alilingojea jambo hilo kuliko alivyoingojea Idi yenyewe, ingawa hakuthubutu kulisema.

Bima ilikuwepo. Cheti cha ukaguzi kilikuwepo. Kilichokosekana ni ile namba ndefu, ambayo hupatikana kwenye barua ya ukumbusho au kwenye logbook, ile kadi ya usajili wa gari. Alimuuliza mumewe logbook iko wapi.

"Iko," alisema Sugow.

"Iko wapi, Baba Nimo?"

"Iko mahali."

Mwanamume akishasema kitu kiko mahali, ujue hakipo. Falis alimtazama akifunga kamba za viatu kwa uangalifu mkubwa, mtu ambaye siku zote huvivaa akiwa anatembea, akajua kuna neno.

*

Sugow alilitoa neno hilo jioni, baada ya chai ya pili, Falis alipokuwa amekaa mbele yake bila kusema kitu. Kukaliwa kimya na Falis kulimchosha Sugow kuliko kupakua magunia.

Miaka mitano nyuma alilinunua lori lile kwa Jagjit, Kalasinga wa Nakuru aliyekuwa na gereji nyuma ya maduka ya Stratford Road. Fedha zilitolewa taslimu, mikono ikashikana, chai ikanywewa. Habari ya jina kwenye logbook, Jagjit alisema watabadilisha, haina haraka. Na kwa watu wale wawili haikuwa na haraka kweli. Nakuru au Garissa, mtu aliweza kuendesha gari miaka kumi kwa jina la aliyemuuzia, fomu ya kuhamisha ikiwa imetiwa sahihi na kulazwa kabatini, na hakuna aliyekosa usingizi kwa hilo. Walihamia Uingereza, tabia ikahamia nao.

Kwa hiyo kila Oktoba barua ya ukumbusho ilifika kwa Jagjit. Jagjit mwenyewe alikwenda posta, akapiga foleni, akachukua stika, kisha akampigia Sugow simu aende kuichukua na kumrudishia pesa zake. Hakuona taabu. Alipata kisingizio cha kukaa saa mbili na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili.

Falis alisikiliza mpaka mwisho. Kilichomuuma si logbook. Kilichomuuma ni kwamba miaka mitano alidhani mumewe ndiye anayesimama kwenye foleni ile. Kila mwaka siku hiyo Sugow alirudi amechelewa, akaketi kwa kishindo, naye kwa huruma akamtengenezea maji ya moto na chumvi atie miguu. Na Sugow akaitia.

"Miguu yenyewe ilikuwa imechoka na nini?" aliuliza.

Sugow alisema tu kwamba Jagjit alifariki Julai, na hilo Falis alilijua. Alijua pia kwamba mumewe alivaa shati safi siku ya mazishi akaondoka mapema. Basi alimwambia aende kwa mjane, aichukue logbook, mambo yaishe. Sugow akasema sawa. Alisema sawa Jumatatu, akasema sawa Jumanne, na Jumatano alipokuwa anasema sawa kwa mara ya tatu Falis alimpa koti lake mkononi akamfungulia mlango.

*

Alirudi baada ya muda mfupi mno. Kule kwa Jagjit mlango ulifunguliwa na Ranvir, mtoto wa marehemu, aliyezaliwa hapa na anayefanya kazi benki. Hakumkaribisha ndani, lakini hakuwa na utovu wa adabu. Alimwita anko kila baada ya maneno matatu. Alimweleza kwa Kiingereza kwamba wakili ametaka orodha ya kila kitu chenye jina la baba yake, na lori lina jina la baba yake. Limeshaandikwa. Jumatatu ijayo atakuja mtu wa kulikadiria bei. Kama anko ana risiti ya kulinunua, ailete.

"Risiti," alisema Sugow, akivua kofia. "Mimi na Jagjit. Risiti!"

Aliketi kwenye kochi na koti lake lote. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mpana wa mabega, na Falis hakupata kumwona ameketi hivyo. Lori lile lilikuwa ndilo nyumba, ndilo shule, ndilo simu za kila Ijumaa kwa mama yake Garissa. Kila siku lilibeba mchele na unga wa Narendra, mfanyabiashara wa jumla, kupeleka maduka ya Leicester na Bristol. Na Narendra hakuwa na maneno mengi: tarehe moja Novemba gari lisilo na stika halipakii kwake, kuna madereva wengine. Lakini stika sasa ilikuwa jambo dogo. Huenda hata lori lenyewe lisiwepo.

Falis aliona bado kuna neno halijatoka. Alimuuliza kwa nini hakuomba kumwona mama wa nyumba, Kulwinder, ambaye chai yake ameinywa miaka mitano.

Sugow alikuna kidevu. Kisha akasema kwamba hakufika mazishini. Alifika, ila hakuingia. Aliegesha gari ng'ambo ya barabara akaona watu wengi wamevaa nguo nyeupe, wanaingia hekaluni mwao, hakumjua hata mmoja. Hakujua kama mtu kama yeye anaruhusiwa, atakaa wapi, ataambiwa afanye nini mbele ya watu. Akajiambia kesho ataenda nyumbani kutoa pole, itakuwa afadhali. Kesho ikawa mtondo, mtondo ikawa wiki, wiki ikawa Ramadhani, na kila ilivyozidi kuchelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu.

"Miezi mitatu," alisema Falis.

"Miezi mitatu," alikiri Sugow, na macho yakamjaa machozi. Alikuwa na haya, na zaidi ya haya alikuwa na huzuni ya rafiki yake ambayo hakuwa amepata pa kuiweka.

Falis hakumgombeza. Maneno alikuwa nayo mengi, lakini aliyaweka. Kesho yake alikwenda Ladypool Road akanunua kilo nne za sukari na majani ya chai, kama watu wanavyokwenda kwenye msiba kwao, akamwambia mumewe Jumapili wanakwenda wote wawili.

*

Ranvir alipofungua mlango Falis hakumpa nafasi. Alimwambia wamekuja kutoa pole kwa mama yake, akapita na mfuko wake wa sukari, na Sugow akamfuata nyuma, ameinama kama anapita mlango mfupi.

Kulwinder alikuwa ameketi karibu na hita, mwanamke mdogo wa mwili mwenye shali jeupe kichwani. Juu yake ukutani ilitundikwa picha ya Jagjit na kilemba chake, imevishwa shada. Falis alimshika mikono, akampa pole, akaweka mfuko mezani. Kulwinder alichungulia ndani, akaona sukari na majani, akauvuta mfuko karibu naye. Miaka arobaini tangu atoke Nakuru hajaletewa rambirambi kwa namna hiyo. Lakini alipomgeukia Sugow uso ulikuwa mkavu.

Alimuuliza alikuwa wapi.

Sugow alisimama katikati ya zulia. Falis alidhani ataanza kuzunguka, kwamba kazi, kwamba safari za Bristol, na alishajitayarisha kumwonea aibu. Lakini Sugow aliyasema yale yale aliyoyasema kwenye kochi, ng'ambo ya barabara, nguo nyeupe, kutojua pa kukaa, yote, bila kuongeza kitu wala kupunguza.

"Watu mia mbili walikuja," alisema Kulwinder. Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru, cha sokoni na jikoni, kimekaa muda bila kutumiwa. "Mimi nilikuwa naangalia mlango. Nasema huyu wa Kiswahili atakuja. Tangu Jagjit akufe, hii nyumba haijasikia Kiswahili hata siku moja. Huyu kijana anasikia, hawezi kusema. Wewe ulikuwa unakuja hapa mnacheka mpaka mimi nafunga mlango wa jikoni. Sasa nimefungua mlango, hakuna mtu."

Sugow aliweka mkono machoni. Kisha Kulwinder akamwonyesha kiti, kile kile cha siku zote, akamtuma Ranvir aweke maji ya chai.

Ranvir hakwenda. Alisema kwa upole kwamba kuna jambo lazima lisemwe. Alieleza tena habari ya wakili na orodha, kwamba si yeye anayetaka, ni sheria, na lori lina jina la baba. Mama yake alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza, kwa Kiswahili ili wageni wasikie, ni nani aliyemwambia kwamba lori ni la baba yake.

Ranvir akasema aliikuta logbook kwenye droo.

"Uliuliza droo," alisema Kulwinder. "Mimi niko hapa, hukuniuliza. Walipatana kwenye meza hii. Mimi nilisogeza sahani wahesabu pesa. Lori ni ya Sugow, tangu siku hiyo."

Kijana alikuna shingo. Mtu angeweza kumhurumia. Hakuwa mwizi, alikuwa mtu wa karatasi tu, na karatasi zilisema vingine. Alisema wakili hatapokea maneno ya mdomo, logbook ndiyo inayothibitisha gari ni la nani. Hapo Sugow aliinamisha kichwa, maana yeye pia ndivyo alivyoamini siku zote. Kwao logbook ndiyo gari. Aliyenayo ndiye mwenye mali.

Falis aliomba kuiona. Ranvir aliileta, karatasi kubwa iliyokunjwa, nyekundu na buluu. Mwalimu wa kompyuta aliwafundisha kusoma kila kitu kabla ya kubonyeza chochote, hata maandishi madogo, hasa maandishi madogo. Falis alivaa miwani akaanza juu kabisa. Alisoma polepole, watu watatu wakimngoja, na aibu ya kuwangojesha ikampanda masikioni, lakini hakuharakisha. Kisha akaweka kidole na kumwomba Ranvir asome hapo kwa sauti.

Ranvir alisoma. Akasoma tena. Ilikuwa imeandikwa waziwazi kwamba karatasi hiyo si uthibitisho wa umiliki.

"Sasa inathibitisha nini?" aliuliza Kulwinder.

"Inaonyesha nani anatumiwa barua," alisema Falis.

Sugow alitoa sauti, nusu kicheko nusu kilio. Siku nne nzima alikuwa anaiogopa karatasi, na karatasi yenyewe haikujua lori ni la nani. Ranvir alisimama kidogo akifikiri, kisha akauliza kama kuna karatasi nyingine, na Falis akazitoa zote alizozibeba mkobani. Bima za miaka mitano zilikuwa na jina la Sugow, ukaguzi ulilipwa na Sugow. Alizifunuafunua kama wanavyofanya watu wa benki, akakubali kwamba pamoja na neno la mama hizo zitamtosha wakili. Atalifuta lori kwenye orodha. Alimwambia Sugow samahani, anko, na safari hii alimtazama usoni.

Basi ikabaki kujaza sehemu ya mwenye kutunza gari, yaani huyo anayetumiwa barua, kutia sahihi, na kuituma pamoja na barua na nakala ya cheti cha kifo. Ranvir alitoa kalamu akauliza jina kamili la anko.

Kulwinder alimzuia kwa mkono. Alikuwa amenyamaza tangu Falis aliposema habari ya barua, na sasa alianza kusimulia jambo ambalo halikuonekana kuhusika. Alisema wiki jana gesi iliharibika akapiga simu. Akaulizwa jina, akasema. Akaambiwa aletwe mwenye akaunti azungumze mwenyewe. Akasema amekufa. Akaambiwa basi hawawezi kuzungumza naye, yeye si mtu wao. Miaka thelathini na sita ameishi nyumba hii, amepika kwa gesi hiyo kila siku, na si mtu wao. Aliangalia kila karatasi nyumbani, umeme, maji, simu. Hakujiona hata mahali pamoja.

Alimgeukia Sugow. "Barua zikija kwako, nani anasoma?"

Sugow alitazama zulia. "Mama Nimo."

"Basi andika anayesoma barua."

Falis alishtuka. Alisema hapana, haraka, kabla hata ya kufikiri. Yeye hajui hata kuendesha baiskeli. Na faini zikija je, zitakuja kwake. Watu wa msikitini wakisikia watasema mume amenyang'anywa lori. Alisema yote hayo, na alipokuwa anayasema alihisi ndani yake kitu kinapanda kama maziwa kwenye moto, akagundua kwamba anakitaka. Anakitaka sana, na hajawahi kujua. Miaka kumi na moja katika nchi hii alikuwa mkono wa kila fomu, na chini ya kila fomu palikuwa na jina la mtu mwingine.

Akamtazama mumewe. Wote walimtazama Sugow. Ranvir alikuwa amesimamisha kalamu hewani.

Mtu mzima na lori lake, mbele ya mjane wa rafiki yake na kijana wa benki, anaulizwa kama jina la mkewe liandikwe mahali ambapo lake halijawahi kufika. Haikuwa rahisi, na haikumpendeza, na Falis aliyaona yote hayo usoni pake. Akakohoa.

"Andika Falis," alimwambia Ranvir, kisha akamtajia herufi, moja moja, taratibu, ili asikosee.

*

Ofisi ya magari haikuwa na haraka. Siku zilipita, tarehe ishirini ikapita, na Falis alikuwa anafika kwenye kisanduku cha barua kabla tarishi hajaondoa mkono. Logbook mpya ilifika Jumatatu ya tarehe ishirini na saba. Mchana huo huo alikuwa maktaba, ameketi mbele ya kompyuta ya tatu kutoka dirishani, akaandika namba yake tarakimu kwa tarakimu, akasoma kila ukurasa mpaka chini, akabonyeza. Kompyuta ilimshukuru na kumwambia stika itakuja ndani ya siku tano za kazi. Alihesabu kwa vidole. Kama asingeanza mapema vile, asingewahi.

Ijumaa stika ya zamani ikaisha, na mpya haijaja. Jumamosi asubuhi lori lilikuwa limeegeshwa yadini, na Narendra alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama ampe mtu mwingine mzigo wa Leicester. Sugow alimwomba angoje mpaka saa tano. Tangu alfajiri alikuwa amevaa koti, akitembea toka dirishani hadi mlangoni, na Falis, aliyechoka kumkwepa, alijifungia jikoni na unga wa chapati.

Alisikia kisanduku kikigonga. Alisikia viatu vya mumewe vikikimbia ushorobani, kisha vikasimama. Alingoja kusikia karatasi inachanwa. Haikuchanwa.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa polepole. Sugow alikuwa ameishika bahasha ya kahawia kwa mikono miwili, haijafunguliwa, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tano kasorobo.

"Barua yako," alisema.

Falis alinawa mikono, akaikausha vizuri, akaipokea. Aliketi. Alisoma jina lake pale juu, akalisoma tena, na mwenye lori alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, akimngoja mkewe aifungue.